Nani Anakumbuka Umeme Ukirudi?

Leo nazungumzia programu ya kompyuta ambayo wengi wenu hamjawahi kuiona na pengine hamtaiona, kwa sababu haina dirisha, haina kitufe cha kubonyeza, wala jina lake halitokei kwenye skrini. Inaitwa statd. Kazi yake ni kuisaidia kompyuta kuu ya ofisi, ile tunayoiita seva, ikumbuke ni nani aliyekuwa ameshika faili gani kabla umeme haujakatika. Nimeichagua kwa sababu huku kwetu Ilemela umeme kukatika si ajali, ni sehemu ya ratiba ya siku. Na naamini, tena kwa dhati, kwamba ofisi zetu nyingi zinapoteza kazi na hesabu za watu si kwa kukosa kompyuta nzuri, bali kwa kutomjua msaidizi huyu.

Tuanze na ofisi zenyewe. Ilemela ilipotoka ndani ya Jiji la Mwanza mwaka 2012 na kuwa manispaa yenye makao yake Buswelu, mji ulisogea upande huo, na ofisi ndogondogo nazo zikasogea. Leo ukipita Buzuruga, Nyakato, Kiseke au Pasiansi utakuta SACCOS yenye kompyuta nne, zahanati binafsi yenye tatu, shule yenye chumba kimoja cha kompyuta, steshenari yenye mbili na printa. Mahali pote hapo watu zaidi ya mmoja wanahitaji kutumia faili lile lile.

Njia inayotumika zaidi ni flashi. Karani anaingiza malipo ya asubuhi, anakopi faili kwenye flashi, anampelekea mhasibu. Mhasibu anaongeza ya kwake. Wakati huo meneja alishajikopia la jana kwenye laptopu yake. Ikifika Ijumaa kuna mafaili matatu, moja limeandikwa "mpya", jingine "mpya kabisa", jingine "la mwisho", na hakuna mtu pale ndani anayeweza kuapa lipi ndilo sahihi. Juu ya hapo flashi inabeba virusi. Mwishoni mwa 2008 dunia nzima ilihangaika na kirusi kilichoitwa Conficker, na moja ya njia kilizopita ilikuwa flashi hizi hizi tunazopeana mkononi.

Njia ya pili ni folda ya pamoja. Faili linakaa mahali pamoja, ndani ya seva, na kila mtu analifungua akiwa mezani kwake kupitia waya au mtandao wa ndani wa ofisi. Hakuna kukopi, hakuna "la mwisho". Hii ndiyo njia iliyo bora, na sina wasiwasi kusema hivyo. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi zimeijaribu, zikaumia, zikarudi kwenye flashi. Ukiuliza waliumia vipi, utasikia maneno matatu: umeme, kuganda, na "kazi ya mtu ilipotea". Hayo matatu yote yanakutana kwa huyu msaidizi ninayemzungumzia.

Ili tumwelewe, inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1984, kampuni ya Sun Microsystems huko California ilianza kutengeneza mfumo wa kushirikiana mafaili kwenye mtandao, ukaitwa NFS, na mwaka uliofuata wakautoa hadharani. Mpaka leo mfumo huo umo ndani ya Linux, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi duniani. Wahandisi wale walifanya uamuzi mmoja wa ujasiri: seva isikumbuke kitu chochote kuhusu wateja wake. Kompyuta ya ofisini inapouliza, inauliza swali lililokamilika: nipe baiti 8,192 za faili hili, kuanzia nafasi hii. Seva inajibu, kisha inasahau. Ikiulizwa tena inajibu tena, bila kujali nani aliuliza mwanzo.

Kwa nini walitaka seva isahau? Kwa sababu kompyuta huanguka. Seva isiyokuwa na kumbukumbu haina cha kupoteza inapoanguka. Umeme ukikatika ikazimika, kompyuta za ofisini zinaendelea kuuliza swali lile lile, tena na tena, mpaka seva iamke. Ikiamka inajibu, na kazi inaendelea palepale ilipoishia. Aliyekaa mbele ya skrini anaona tu kwamba mashine ilisimama kidogo. Watu wale walikuwa California, lakini uamuzi wao ungefaa sana kwa mtu wa Kirumba.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kusahauliwa, nacho ni kufuli.

Kufuli ninalosema ni haki ya mtu mmoja kuandika kwenye faili wakati wengine wanasubiri. Tuseme mwanachama wa SACCOS ana salio la shilingi 400,000. Amekuja kuweka 50,000 kwa karani, na dakika ile ile mhasibu ndani anakata marejesho yake ya mkopo, 100,000. Kompyuta zote mbili zimesoma 400,000. Karani anaandika 450,000. Mhasibu anaandika 300,000. Atakayehifadhi wa mwisho ndiye anayebaki, na majibu yote mawili ni ya uongo, maana salio la kweli ni 350,000. Kama kungekuwa na kufuli, mhasibu angesubiri sekunde chache, karani amalize, ndipo asome 450,000 na kukata yake. Kufuli ndilo linalofanya watu wawili waaminiane kwenye daftari moja.

Sasa seva isiyokumbuka kitu italindaje makufuli? Haiwezi. Kwa hiyo wahandisi wakaitoa kazi hiyo nje ya NFS yenyewe na kuwapa wasaidizi wawili. Mmoja anaitwa lockd, ndiye anayegawa makufuli. Wa pili ni huyu statd, na kazi yake ni nyembamba mno: kuweka orodha ya kompyuta zenye makufuli, na kutoa taarifa pale seva inapoamka baada ya kuanguka. Hagusi faili, wala kilichomo ndani hakijui. Anajua nani yupo na nani aliamka upya, basi.

Wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba wataelewa haraka nikisema hivi. Chukua mwenye ghala anayewahifadhia magunia wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda na Burundi. Ghala likifungwa ghafla, siku likifunguliwa hawezi kuanza kupangisha nafasi kwa wageni. Kwanza anachukua daftari, anawapigia simu wale aliokuwa nao: ghala limefunguliwa, njoo uonyeshe magunia yako. Anawapa muda. Muda ukiisha, ndipo nafasi zilizobaki anazitoa kwa wengine. Akipoteza daftari, au akianza na wageni, magunia ya mtu yatakaliwa na mtu mwingine. statd ndiye mwenye daftari hilo.

Na daftari lenyewe unaweza kuliona kwa macho. Kwenye seva ya Linux kuna folda inayoitwa /var/lib/nfs/sm. Ukiifungua wakati ofisi iko kazini utakuta mafaili madogo yenye majina ya kompyuta zenu: mapokezi, uhasibu, meneja, kila moja na lake. Ndani yake mna mstari mmoja wa namba na herufi. Hayo mafaili yanaandikwa kwenye diski makusudi, kwa sababu kilicho kwenye diski kinabaki umeme ukikatika, na kilicho kwenye kumbukumbu ya haraka kinapotea. Pembeni yake kuna namba moja inayoongezeka kila seva inapoamka. Kwa utaratibu wao, namba ikiwa witiri maana yake seva iko hai. Seva ikiamka, inatuma ujumbe kwa kila aliyemo kwenye orodha: nilianguka, nimeamka, namba yangu sasa ni hii. Kompyuta ya uhasibu ikisikia namba imebadilika, inajua makufuli yake yamefutwa, na inarudi mara moja kuyadai. Kama kompyuta fulani haijibu, seva haichoki upesi. Kwa kawaida inarudia kutuma kwa dakika 15.

Wakati wateja wa zamani wanadai makufuli yao, wapya hawapewi. Huo ni muda wa kusubiri. Kwenye mfumo mpya wa NFS, ndani ya Linux, kipimo cha kawaida ni sekunde 90. Dakika moja na nusu.

Wasikilizaji, naomba tukae hapo kwenye dakika moja na nusu, maana ndipo ofisi zetu zinapoumia.

Umeme umerudi. Seva imewaka, taa zake za kijani zinapepesa. Karani anafungua faili la mikopo; halifunguki. Anabonyeza tena, halifunguki. Sekunde ya 20, ya 30. Mwanachama amesimama dirishani na kadi yake. Mtu anasema, "Imeganda hiyo." Mwingine anakwenda kwenye seva, anashikilia kitufe cha kuzimia mpaka taa zinalala, anawasha upya. Anaamini amesaidia. Kumbe seva haikuwa imeganda. Ilikuwa inatimiza kazi yake, inawasubiri wenye makufuli waje kuyachukua. Alichofanya ni kuiangusha seva mara ya pili katikati ya zoezi la kupona, na sekunde zile 90 zinaanza upya kutoka sifuri.

Kuanguka mara mbili ni jambo baya kuliko kuanguka mara moja, na si kwa sababu ya muda tu. Hili ndilo jambo ninalotaka kila anayesimamia kompyuta za ofisi Ilemela alielewe.

Mwaka 2003, mwezi wa Aprili, ulitoka mwongozo rasmi wa toleo la nne la NFS. Toleo hili lilimwondoa statd kwenye kazi yake ya zamani. Badala yake, kufuli linatolewa kwa mkataba wa muda: kompyuta inayolishika lazima ijitokeze mara kwa mara kusema bado nipo, na ikinyamaza muda ukapita, kufuli linachukuliwa. Hii ilitibu ugonjwa mmoja wa siku nyingi. Zamani laptopu ikishika kufuli kisha ikaibiwa au ikafa kabisa, kufuli lilibaki limeshikwa na kompyuta ambayo haipo, na watu walihangaika mpaka fundi aje. Sasa ugonjwa huo ukapata tiba. Wengi wakadhani msaidizi wa kukumbuka hahitajiki tena.

Lakini waandishi wa mwongozo ule ule walikaa wakafikiria: itakuwaje seva ikianguka mara mbili, na katikati ya hizo mara mbili kompyuta moja ikawa imekatika na mtandao? Walilieleza jambo hilo kwa lugha ya kitaalamu. Mimi nitaliweka ndani ya jengo la ghorofa moja pale Nyakato.

Saa nne asubuhi, meneja yuko ghorofani na laptopu yake. Ameshika kufuli la faili la mikopo. Umeme unakatika. Seva iko chini, inazimika. Swichi ndogo ya mtandao iliyoko ghorofani nayo inazimika. Laptopu ya meneja ina betri, kwa hiyo yenyewe haijazimika, na inaamini bado ina kufuli lake. Umeme unarudi. Seva inaamka, inatoa taarifa, inasubiri sekunde 90. Lakini swichi ya ghorofani imegoma kuwaka, labda ilichomekwa kwenye soketi ambayo swichi yake ya ukutani haijabonyezwa. Taarifa haimfikii meneja. Muda unaisha. Mhasibu wa chini anaomba kufuli, anapewa kihalali, anaingiza marejesho ya watu wa asubuhi nzima, anahifadhi, anaachia.

Saa tano na nusu umeme unakatika tena, unarudi. Safari hii mtu ameona swichi ya ghorofani iko kimya, ameiwasha. Seva imeamka, inasubiri wadai. Laptopu ya meneja inasikia, inasema: mimi nilikuwa na kufuli la faili la mikopo, nalidai. Seva isiyokuwa na kumbukumbu ya kutosha itamwamini. Atapewa. Na laptopu hiyo, ikidhani hakuna aliyegusa faili tangu saa nne, itaandika juu yake ilichokuwa imeshika tangu saa nne. Marejesho aliyoingiza mhasibu yamefutika. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna mlio. Hakuna mtu aliyevunja sheria yoyote. Jioni hesabu haikubali, na mtu anaanza kutazamwa kwa jicho la wizi.

Hapo ndipo msaidizi anaporudi kwa heshima. Ndani ya Linux kazi hiyo leo inafanywa na programu ndogo inayoitwa nfsdcld. Nayo ina daftari lake kwenye diski. Kompyuta ikishika kufuli lake la kwanza, jina lake linaandikwa. Seva ikianguka ikaamka, waliomo kwenye daftari ndio wanaoruhusiwa kudai. Muda wa kusubiri ukiisha, ambao hawakuja kudai wanaondolewa. Kwa hiyo kwenye kisa cha Nyakato, meneja hakuja kudai mara ya kwanza, jina lake limetoka. Mara ya pili akija, anakataliwa. Atapata ujumbe wa kosa kwenye skrini, atakasirika, pengine atampigia fundi simu ya ukali. Lakini marejesho ya wanachama yako salama. Mimi nachagua meneja aliyekasirika kuliko mhasibu aliyesingiziwa.

Mtaniuliza, je, umeme kukatika mara mbili ndani ya asubuhi moja ni jambo la kupangia mipango? Kwa mtu wa Ilemela jibu analo mwenyewe. Mgao wa mwishoni mwa 2023 tunaukumbuka sote, na kuanzia Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere, mradi wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mmoja baada ya mwingine, hali ilibadilika. Lakini mgao si sababu pekee. Ziwa letu linajulikana kwa mvua za radi, na nyingi hupiga usiku na alfajiri, wakati seva iko peke yake ofisini bila mtu. Transfoma hulipuka. Tawi la mti huangukia waya. LUKU nayo huisha, tena huisha mtu akiwa kwenye kikao. Mifumo hii ilibuniwa na watu ambao kwao kuanguka mara mbili kulikuwa kisa cha pembeni, cha kuandikwa kwenye kurasa za ndani za mwongozo. Kwetu kisa hicho kinastahili ukurasa wa kwanza.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana najua ofisi nyingi hapa zinatumia Windows, na hawa watasema NFS si yao. Kwenye Windows kushirikiana mafaili kunapita kwenye itifaki inayoitwa SMB. Na seva ya Linux inaweza kuzungumza lugha hiyo kwa sababu ya mtu mmoja, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi Canberra, Australia. Mwishoni mwa 1991 alianza kuchunguza ujumbe uliokuwa ukipita kwenye waya kati ya kompyuta mbili, akatambua moja inauliza nini na nyingine inajibu nini, na Januari 1992 akatoa programu yake bure. Leo inaitwa Samba. Wenzake waliojiunga naye walifika hadi kwenye kesi ya Umoja wa Ulaya dhidi ya Microsoft, iliyoanza na faini ya yuro milioni 497 mwaka 2004 na kuishia, Desemba 2007, kwa wao kupata nyaraka za itifaki hiyo kwa malipo ya yuro 10,000. Fundi wa Kirumba anayefunga seva ya bei nafuu leo anakula jasho la watu hao.

Samba nayo ina wasaidizi wake. Mmoja ni nmbd, anayeshughulika na majina: kompyuta inatangaza, naitwa fulani, niko hapa. Kwa utaratibu wa zamani kila moja ilikuwa ikitangaza kila baada ya dakika 12, na iliyonyamaza haikufutwa mpaka ikose matangazo matatu. Ndiyo maana ulikuwa ukiona kompyuta kwenye orodha na huku imezimwa zaidi ya nusu saa. Kisha likaja shambulio la WannaCry, Mei 12, 2017, lililopenya kupitia toleo la kwanza, kuukuu, la SMB. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba mwaka huo, Microsoft ikaacha kuliweka toleo hilo kuukuu kwenye kompyuta mpya. Ilikuwa sahihi kabisa. Lakini orodha ya zamani ya majina ilitegemea toleo hilo, na ghafla watu wakafungua ukurasa wa mtandao kwenye Windows wakakuta seva yao ya Linux haionekani. Ipo, inafanya kazi, ila haionekani. Tiba yake ni msaidizi mwingine mdogo, wsdd, anayeitikia mwito mpya ambao Windows hutumia kutafuta majirani zake.

Hapa nina neno kwa wenye ofisi. Fundi akikufanya uione seva kwenye orodha, unamlipa kwa furaha, kwa sababu umeona. Fundi akikaa jioni nzima kuhakikisha seva inakumbuka makufuli umeme ukirudi, humlipi, kwa sababu hakuna ulichokiona. Kwa hiyo mafundi wetu, ambao nao wana kodi ya nyumba na ada za watoto, wanafanya kile kinachoonekana. Siwalaumu. Tabia hii ni ya mlipaji kuibadilisha. Ukimwita mtu kufunga seva, muulize mbele ya mashine: umeme ukikatika watu wakiwa kazini, nani anakumbuka? Akikuonyesha daftari lilipo, mlipe na la ziada.

Na kwa mafundi wenyewe, ndugu zangu, nina mambo machache. Nimesikia mara nyingi ushauri wa kufunga mlango namba 111, ule wa rpcbind, ambao ndio wasaidizi wa zamani wa NFS wanaupitia kujulikana walipo. Ushauri una msingi: mwaka 2015 wahalifu walitumia milango hiyo iliyoachwa wazi kwenye intaneti kufurikisha mitandao ya watu wengine. Lakini ufunge upande wa nje, kwenye ruta, dhidi ya dunia. Ukiufunga ndani ya ofisi huku unatumia toleo la tatu la NFS, statd hawezi kusikia wala kusikika, na makufuli yako yanabaki jina tu. Pili, msaidizi huyu anawatambua wateja kwa majina na anwani. Ruta inayogawa anwani mpya kila umeme unaporudi inamfanya apige simu kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Zipe kompyuta za ofisi anwani zisizobadilika. Ni kazi ya nusu saa. Tatu, UPS, ile betri ya akiba. Karibu kila ofisi yenye UPS imeiweka kwenye seva peke yake, na hapo wanaona wamemaliza. Mmeona kwenye kisa cha Nyakato kwamba kilichomtenga meneja ni swichi ndogo ya ghorofani. Swichi hizo zinakula umeme kidogo sana. Zichomeke kwenye UPS, zote, kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Hapa Mwanza tuna Chuo cha Elimu ya Biashara, tuna VETA, tuna Mtakatifu Augustino pale Malimbe. Vijana wanatoka wakiwa wanajua kutengeneza tovuti. Natamani watoke pia wakiwa wameshawahi kuzima seva kwa makusudi, mara mbili mfululizo, wakaangalia kinachotokea. Ni zoezi ambalo mwanafunzi wa huku anaweza kulifanya vizuri kuliko mwanafunzi wa nchi ambayo umeme haukatiki, kwa sababu ataelewa upesi linatafuta nini.

Na ofisi isingoje wanafunzi. Jumamosi mchana, watu wakishaondoka, chukua faili la majaribio, si la mikopo ya kweli. Lifungue na ulifunge kwa kufuli kutoka kompyuta moja. Zima seva kwenye soketi, iwashe. Kwenye kompyuta ya pili omba kufuli hilo hilo, na shika saa: ukipewa kabla sekunde 90 hazijaisha, seva yako haikumbuki, mwite fundi. Ukikataliwa, rudia zoezi, na safari hii chomoa waya wa mtandao wa kompyuta ya kwanza kabla hujazima. Acha muda wa kusubiri upite, kompyuta ya pili iandike mstari mmoja na kuhifadhi. Zima seva mara ya pili, rudisha waya, washa, kompyuta ya kwanza ijaribu kuhifadhi. Kisha fungua faili utazame kama mstari ule upo. Ukiwa haupo, Jumatatu asubuhi msifungue folda ya pamoja mpaka fundi aonyeshe nfsdcld ikiwa hai na daftari lake likiwa kwenye diski. Ukiwa upo, bandika karatasi ubavuni mwa seva yenye maandishi makubwa: "Ikiwaka, subiri dakika mbili. Usizime."